Wapiga ngoma wa Lilanga katika chumba cha kwaya

Katika majuma ya Majilio ya mwaka uliopita mtoto wa dada yangu alirudi Wamaza kutoka Dar es Salaam. Kazi yake ni uchuuzi. Hupita Kabambare, hushuka mpaka Kalemie, huvuka ziwa mpaka Kigoma, na kutoka pale hutafuta njia ya kufika pwani. Safari hii alileta vitenge, betri, masufuria mawili aliyoagizwa na mama yake, na bomba moja refu la karatasi ngumu alilolibeba begani njia nzima kama mtu abebaye bunduki.

Ndani ya bomba mlikuwa na picha. Akaikunjua juu ya meza yangu, akaweka kikombe kila pembe ili isijikunje tena, akasema, “Mjomba, hii si picha ya sokoni. Zimechapwa hamsini tu duniani, na hii ni ya kumi na nne. Tazama, wameandika wenyewe.” Kweli, chini upande wa kushoto palikuwa na 14/50 kwa mwandiko wa kalamu ya risasi, na upande wa kulia jina: Lilanga. Alikuwa ameinunua kwa dola 60. Hakutaka faida, alisema. Alitaka tu kwaya ya parokia imrudishie fedha yake, nao waitundike katika chumba chao cha mazoezi, kwa sababu kuta zake ni tupu tangu zilipopakwa chokaa.

Kwaya yetu ilikuwa na dola 85 ndani ya kisanduku. Fedha hiyo ilichangwa kwa ngozi mpya za ngoma mbili na kwa kitambaa cha sare za watoto. Basi mwaona jinsi shauri lilivyokuwa zito.

Kwanza niwaeleze picha yenyewe. Ni nyeusi juu ya karatasi nyeupe, bila rangi nyingine. Wanamuziki saba wamesongamana kama abiria katika mtumbwi. Watatu wapiga ngoma kwa vijiti, mmoja apuliza pembe, mmoja ameshika kitu kama likembe kubwa, na wawili wanaimba, midomo wazi mpaka waweza kuhesabu meno. Lakini si watu. Masikio yao ni mapana kama majani ya magimbi, matumbo yao mviringo, miguu yao ina vidole viwili au vitatu, na pua za wengine zimepinda mpaka kwenye kidevu. Mguu wa huyu wapita chini ya mkono wa yule, sikio la yule lagusa ngoma ya mwingine, wala hakuna mahali pa kupitisha hata kidole. Tena wanacheka. Hilo ndilo mtu huliona kwanza, nalo ndilo lililoleta maneno.

Mama mmoja wa Legio ya Maria, mwenye heshima kubwa kwetu, aliitazama kwa kitambo, akasema, “Hawa ni mashetani. Mtaweka msalaba ukuta huu na mashetani ukuta ule, halafu watoto waimbe katikati?” Wengine wakaitikia. Vijana wakacheka, jambo lililomwudhi zaidi. Mzee wetu wa ngoma, ambaye alikuwa akipiga ngoma katika Misa kabla mimi sijaoa, hakusema kitu juu ya mashetani. Aliinama karibu na karatasi, akanyosha mikono yake miwili hewani kana kwamba ana vijiti, akabadilisha mikono, akasema, “Hawa wote ni wa mkono wa kushoto.” Kisha akaenda zake. Neno hilo nalikumbuka baadaye.

Baba Padri, akijua ya kuwa nimefundisha kuchora shuleni miaka mingi, akaniambia, “Mwalimu, tazama vizuri, utuambie unavyoona.” Nilivyoona ndivyo hivi, kwa marefu kuliko nilivyowaambia siku ile.

George Lilanga alikuwa Mmakonde, mzaliwa wa mwaka 1934 kusini mwa Tanzania, upande wa Masasi. Si mbali na Ndanda, ambako mapadri Wabenedikto wana misioni tangu 1906. Wamakonde wako pande zote mbili za mto Ruvuma, Tanzania na Msumbiji, na sifa yao ya kuchonga mpingo imefika mbali. Lilanga alianza kama watoto wengi wa kwao: alichonga mizizi ya mihogo, kisha miti laini, mwishowe mpingo. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 akaenda Dar es Salaam, kama wanavyokwenda vijana wetu Kindu au Bukavu, kutafuta maisha. Mzee wa ukoo wake, mchongaji Augustino Malaba, alimsaidia kupata kazi katika nyumba iliyoitwa Nyumba ya Sanaa. Kazi yenyewe ilikuwa ya ulinzi wa usiku. Mtu ambaye baadaye makusanyo ya Ulaya yangegombea kazi zake alianza kwa kulinda mlango wa mafundi wengine.

Nyumba hiyo yatuhusu sisi Wakatoliki, maana aliyeianzisha ni mtawa, Sista Jean Pruitt wa shirika la Maryknoll, Mmarekani. Aliona vijana wenye vipaji wakizunguka mjini bila kazi wala chombo, akawatafutia mahali, karatasi, wino na wanunuzi. Waalimu wa Nyumba ya Sanaa hawakuwafundisha kuchora watakatifu kwa namna ya Kizungu. Waliwaachia wachore yaliyokuwa vichwani mwao, na katika kichwa cha Lilanga walikuwamo mashetani. Aliwachora juu ya karatasi, juu ya ngozi za mbuzi, juu ya vitambaa vya batiki, akawachonga na kuwapaka rangi za mafuta zenye kung’aa, akawachora pia kwa asidi juu ya mabamba ya chuma ili wachapwe. Mwaka 1978 kazi zake zilipelekwa Washington, Marekani, katika maonyesho ya sanaa za Afrika, na toka hapo jina lake halikulala. Wengine wameandika kwamba Keith Haring, mchoraji wa New York, alijifunza kwake. Mimi sitii uzito juu ya maneno hayo. Mtu akiwa na jina kule, basi watu hutaka kujua ni nani wa kwetu aliyemfundisha, kana kwamba wa kwetu hatoshi peke yake.

Katika miaka yake ya mwisho kisukari kilimshika vibaya, akakatwa miguu. Hakuacha kazi. Ndugu na vijana wa karakana walimsaidia, na picha zilizotoka pale zikawa nyingi sana, rangi tupu, ukubwa wote, bei zote. Alikufa Dar es Salaam mwezi wa Juni 2005.

Sasa nije kwenye mashetani. Yule mama hakusema upuzi. Sisi tuliofundishwa katekisimu twajua neno Shetani lina maana moja, naye ni adui wa roho zetu. Katika ubatizo twamkataa yeye na mambo yake yote. Mtu aliyesema maneno hayo mbele ya kanisa, kisha aone mashetani saba wakipiga ngoma juu ya kichwa cha mtoto wake, ana haki ya kuuliza.

Lakini neno hili lina njia ndefu. Lilifika Kasongo pamoja na Kiswahili chenyewe, kwa misafara ya Tippu Tip na wenzake, kwa njia ile ile ya pembe na watumwa iliyotoka Bagamoyo, ikapita Ujiji, ikavuka ziwa. Kule pwani mashetani ni wengi, tena wa namna nyingi: wa mitini, wa majini, wenye kuuguza, wenye kucheza na watu, hata wenye kuchekesha. Ni karibu na wale tunaowaita pepo au mizimu. Wamakonde wana hadithi zao za viumbe wa porini, na walipoanza kuzichonga kwa ajili ya wanunuzi wa mjini, wakatumia neno la Kiswahili lililokuwapo. Ikumbukwe ya kuwa uchongaji huu wa mashetani si wa kale. Wengi humtaja Samaki Likankoa kuwa wa kwanza, mwishoni mwa miaka ya 1950, na mfanyabiashara Mhindi wa Dar es Salaam, Mohamed Peera, ndiye aliyenunua na kuwatia moyo wafuasi wake. Kwa hiyo mashetani hawa hawakutoka katika madhabahu yo yote. Hakuna aliyewaabudu, hakuna aliyewachinjia kuku. Walizaliwa dukani, nusu katika hadithi za bibi na nusu katika mfuko wa mgeni, nami naona hilo ndilo tungepaswa kulitilia mashaka, kuliko ibilisi.

Tena Kanisa halikuogopa kuchora pepo wabaya. Atazamaye picha za makanisa ya kale ya Ulaya atawaona katika mawe ya kuta na juu ya milango, wamekunja nyuso. Mchoraji Hieronymus Bosch, Mholanzi aliyekufa mwaka 1516, mwanachama wa udugu wa Bikira Maria katika mji wake, alichora jehanamu ambayo leo imo katika jumba la Prado, Madrid. Na katika jehanamu hiyo vyombo vya mateso ni vyombo vya muziki! Mtu mmoja amenyoshwa juu ya nyuzi za kinubi, mwingine amefungwa kwenye zeze kubwa, mwingine yumo ndani ya ngoma. Watu huiita jehanamu ya wanamuziki. Ni picha ya kutisha, nayo yataka kutisha: yamwambia mtazamaji kwamba anasa uliyoifuata itakugeukia.

Weka picha ya Lilanga kando ya hiyo, uone tofauti. Mashetani wa Bosch hawaimbi, wanatesa. Wa Lilanga hawatesi mtu. Katika picha zake wanakula, wanabeba maji, wanagombana juu ya pombe, wanakwenda hospitali, wanapiga ngoma. Ni sisi wenyewe tuliotiwa masikio makubwa. Nilipowatazama wale saba kwa muda, nilimwona mpiga pembe anayevimba mashavu mbele ya wakubwa, nikamwona mwimbaji anayepaza sauti ili asikike yeye peke yake. Msomaji, ukiwa mwanakwaya, wamjua. Kila kwaya inaye.

Kuna neno lingine linalonifanya nisiharakishe kuhukumu. Nchi yetu ya Maniema imepoteza vitu vingi kwa haraka ya namna hiyo. Ndugu zetu Walega wa Pangi na Shabunda walikuwa na chama cha Bwami, chenye ngazi zake na mafundisho yake, na kila fundisho lilikuwa na kisanamu chake cha pembe au cha mti. Serikali ya kikoloni ilikipiga marufuku mwaka 1948. Visanamu vikafichwa, vikauzwa, vikatupwa. Leo mtoto wa Mlega akitaka kuviona vizuri itampasa aende Tervuren, Ubelgiji, alipe kiingilio. Nasi Wakristu tulikuwa na mkono wetu katika haraka ile. Wazee wanakumbuka moto uliowashwa mbele ya vikanisa vya matawi. Sisemi kila kilichochomwa kilikuwa chema. Nasema tu kwamba aliyewasha hakuuliza kwanza.

Na ngoma je? Zamani ngoma haikuingia kanisani. Ilikuwa ya mwezi mpevu na ya matanga, ikasikika mbali na nyumba ya mapadri. Kisha ikaja mwaka 1958, Padri Guido Haazen, Mfransisko aliyekuwa Kamina, akawafundisha vijana wake Missa Luba, wakaiimba mpaka Brussels. Mwezi wa Desemba 1963 Mtaguso wa pili wa Vatikano ukafungua mlango kwa muziki wa kila taifa, na mwaka 1988 Roma ikathibitisha Misa ya namna ya Zaire, ambamo ngoma na kucheza vina mahali pake. Yule Mzee wetu wa ngoma alikatazwa akiwa kijana kufanya kile kile ambacho leo parokia nzima humsubiri akifanye.

Basi, juu ya mashetani, nikaona picha si ya kanisani, lakini si dhambi chumbani. Tofauti hiyo nilimweleza yule mama. Hakukubali yote, akasema atatazama.

Yabaki kuuliza kama ni picha nzuri. Watu wengi hufikiri mwalimu wa kuchora atapima kama mkono wafanana na mkono. Sivyo. Mimi natazama mstari. Mstari wa Lilanga una unene mmoja tangu mwanzo hadi mwisho. Hauna kivuli, hauna mbali na karibu. Anayeanza kuufuata kwenye kidole cha mguu cha mpiga ngoma wa kwanza atajikuta kwenye pembe, kisha kwenye sikio, bila kujua alivuka wapi kutoka kiumbe kimoja kwenda kingine. Hivyo ndivyo ngoma zetu zinavyopigwa. Ngoma ndogo husema, kubwa hujibu, ya tatu hujaza nafasi, na msikilizaji hawezi kuzitenga. Mchoraji amefanya kwa macho kile wapigaji wafanyacho kwa masikio. Kwa sababu hiyo namwona Lilanga wa rangi nyeusi tupu kuwa bora kuliko Lilanga wa rangi nyingi. Katika picha zake za rangi, nyekundu na manjano na buluu hupiga kelele hata mstari haumsikilizishi mtu. Nyingi nilizoziona zikichapwa katika vitabu zafanana mno. Ukiisha kuona kumi, ya kumi na moja haikuambii neno. Wanunuzi walitaka masikio makubwa, wakapewa masikio makubwa. Nyeusi na nyeupe haikumpa nafasi ya kujificha.

Hapa sasa nirudi kwa Mzee na mikono ya kushoto, maana ndipo penye fedha ya kwaya.

Picha ya kuchapwa kwa asidi hufanywa hivi. Fundi huchukua bamba la shaba au la zinki, hulipaka nta iliyochanganywa na lami, kisha huchora juu yake kwa sindano. Sindano haikati chuma. Huondoa nta tu. Bamba likitiwa katika asidi, asidi hula pale nta ilipoondolewa, na mistari ikawa mifereji midogo. Nta huondolewa, wino husuguliwa mpaka ujae mifereji, uso wa bamba hufutwa ukawa safi, karatasi yenye unyevu huwekwa juu, na vyote hupitishwa katika mashini yenye uzito mkubwa. Karatasi huuvuta wino kutoka mferejini. Lakini kilichokuwa kulia juu ya bamba chatoka kushoto juu ya karatasi, kama uso katika kioo. Fundi asipokumbuka, wanamuziki wake wote watabadilika mikono.

Kumbe Mzee aliona kwa mikono yake jambo ambalo mimi mwalimu sikuliona kwa macho! Wapigaji watatu, vijiti vyote vikuu mkono wa kushoto. Nikafurahi sana. Nikamwambia mpwa wangu, “Hii ilichorwa juu ya bamba kweli.” Naye akaanza kuhesabu dola zake.

Furaha yangu ilidumu mpaka jioni. Bamba likikandamizwa juu ya karatasi huacha pia alama ya kingo zake, bonde dogo la pembe nne kuzunguka picha, ambalo kipofu angelisikia kwa kidole. Picha yetu ilikuwa na alama hiyo, ilionekana wazi. Nikapitisha kidole. Hapakuwa na bonde. Karatasi ilikuwa laini kama kalenda. Nikainamisha picha kwenye mwanga wa dirisha, nikatazama ile 14/50. Kalamu ya risasi hung’aa kidogo ukiinamisha karatasi, kwa maana ni madini, hii haikung’aa. Nikasugua pembeni mwa tarakimu kwa kifutio, polepole, haikupungua. Asubuhi nikaenda sokoni kwa fundi wa saa, nikamwomba kile kioo chake anachokibana jichoni. Akatazama yeye kwanza, akasema, “Mwalimu, ni vidoto.” Kweli: kila mstari ulikuwa umejaa nukta ndogo ndogo, kama picha za gazeti. Hata jina, hata hesabu.

Maana yake ni hii. Mahali fulani ilikuwapo karatasi iliyotoka katika bamba, yenye bonde lake na yenye kalamu ya risasi ya kweli. Mtu akaipiga picha nzima, hesabu na saini pamoja, akaichapa kwa mashini kubwa mara alizotaka. Kwa hiyo kumi na nne wa hamsini wako wengi. Labda mmoja yuko Nairobi na mwingine Kampala, kila mmoja ni wa kumi na nne.

Desturi hii ya kuandika hesabu si ya zamani sana. Rembrandt alichora kwa asidi wanamuziki wanaotembea usiku mlango kwa mlango, karibu na mwaka 1635, wala hakuandika hesabu yo yote. Mabamba yake yaliendelea kuchapwa na wengine baada ya kifo chake mwaka 1669, mpaka mistari ikachakaa. Ni mwishoni mwa karne ya 19 ndipo wachoraji walipozoea kutia saini kwa kalamu ya risasi na kuahidi idadi, kisha kulikwaruza bamba ili lisichapwe tena. Na walifanya hivyo kwa sababu mashini mpya zilikuwa zimeanza kutoa picha kwa maelfu, mnunuzi akataka kujua anachonunua. Hesabu ni ahadi tu. Waweza kulinganisha na cheti cha ubatizo: karatasi haifanyi kitu, yafaa kwa sababu aliyeandika aliona na hakudanganya. (Na kwa wapendao kujua: uchapaji wa mawe, alioubuni Senefelder katika nchi ya Bavaria karibu na 1796, ulitumika mapema sana kuchapa noti za muziki. Hivyo wanamuziki na wachapaji ni jamaa tangu zamani.)

Nilimwita mpwa wangu, nikamweleza mbele ya mama yake. Hakunyamaza mara moja. “Mjomba, lakini mchoro ni ule ule! Wewe mwenyewe ulisema mstari ni mzuri. Mstari umebadilika tangu jana?” Neno hilo lilinichoma, kwa kuwa lina ukweli. Mstari haukubadilika. Mashetani saba walikuwa wakicheka vile vile. Yote niliyoyasema juu ya ngoma ndogo na kubwa yalibaki. Picha nzuri katika gazeti ni nzuri bado, na wengi wetu hatutaona picha ya Bosch ila katika kitabu.

Nikamjibu kwamba mchoro ni wa Lilanga, lakini dola 60 hazikulipwa kwa mchoro. Zililipwa kwa maneno “hamsini tu duniani”. Maneno hayo ni ya uongo, na uongo huo si wako, ulitiwa mkononi mwako na aliyekuuzia. Ukiipokeza kwaya kwa bei ile ile, baada ya kujua, utakuwa wako. Alikaa kimya. Mama yake akauliza picha kama hiyo, ya nukta, ingekuwa na bei gani. Nikasema, bei ya kalenda nzuri na fremu.

Kwaya ilimpa dola 5 na jogoo, kwa shukrani ya kuibeba kutoka pwani. Ngozi za ngoma zilinunuliwa kabla ya Noeli. Kuhusu kisanduku hicho hakuna mtu aliyelalamika.

Juu ya ukuta tulikubaliana hivi, baada ya maneno ya siku mbili: picha isikae mbele ya watoto, karibu na msalaba, bali nyuma, juu ya mlango, mahali ambapo mwanakwaya huiona akitoka. Chini yake nilibandika karatasi ndogo yenye jina la mchoraji, mwaka wa kuzaliwa na wa kufa, na neno “nakala”. Ile 14/50 niliifunika kwa fremu. Yule mama wa Legio alikuja kutazama, akasimama na rozari mkononi, akamnyoshea kidole mwimbaji mwenye mdomo mpana, akataja jina la mtu wa kwaya ambalo sitaliandika hapa. Wote walicheka, hata mwenye jina.

Mzee wa ngoma huitazama kila Alhamisi kabla ya mazoezi. Juzi aliniita. Alisema amewasamehe mkono wa kushoto, kwa kuwa nimemweleza habari za bamba. Lakini yule wa katikati, alisema, ameibana ngoma katikati ya magoti kwa nguvu mno, na ngoma ikibanwa hivyo sauti hufa. Akachukua ngoma yenye ngozi mpya, akaketi, akanionyesha.